Mtani Kutoka Mbali

Usiku mmoja, zamani tulipokuwa wanafunzi katika shule ya bweni, shuka nyeupe ilitundikwa ukutani katika ukumbi wa chakula, mashine ya sinema ikawashwa, nasi tukaonyeshwa filamu ya kale isiyo na sauti. Jina lake ni The Pilgrim, yaani Mhujaji, nayo ilitolewa mwaka 1923. Mtunzi wake, mwongozaji wake na mchezaji wake mkuu ni mtu mmoja, Charlie Chaplin. Katika filamu hiyo mfungwa mtoro anaiba nguo za mchungaji ili asitambulikane. Anafika katika mji mdogo wa Texas, na waumini waliokuwa wakimngojea mchungaji wao mpya wanampokea kwa heshima na kumpeleka moja kwa moja kanisani. Visanduku vya sadaka vinapoletwa, anavipima uzito mkononi kimoja kimoja. Anapotakiwa kuhubiri, anakisimulia kisa cha Daudi na Goliati kwa vitendo vitupu, mara yeye ni jitu, mara yeye ni kijana mwenye kombeo. Mtoto mmoja anapiga makofi, na mhubiri anarudi tena na tena kuinama mbele ya watu, kama mchezaji wa jukwaani.

Tulitaka kucheka, tukaogopa. Ukumbini tulikuwamo Waislamu na Wakristo, na katika safu ya mbele alikaa mwalimu wetu wa dini, mzee aliyeheshimiwa na wote. Kila mmoja wetu alikitazama kisogo chake kwanza. Mara tukaona mabega yake yanatikisika. Akavua miwani, akatoa kitambaa, akafuta machozi. Hapo ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kesho yake mwenzetu mmoja alimwuliza darasani kama si dhambi kumcheka mtu wa Mungu. Mwalimu akajibu kwamba aliyechekwa jana hakuwa Mungu, bali mtu aliyesimama mbele ya Mungu akiwa amevaa nguo za kuazima. Kisha akatuambia kila mtu aziangalie nguo zake mwenyewe.

Tangu usiku ule tumekuwa wapenzi wa Chaplin. Tumezitafuta filamu zake, tumezitazama mara nyingi, tumewaonyesha wanafunzi wetu, nao wamecheka pale pale tulipocheka sisi. Lakini kadiri tulivyozidi kumfahamu, ndivyo tulivyozidi kutambua kwamba mengi tunayoyaamini sisi, yeye hakuyaamini. Ndipo likatujia swali ambalo tungependa kulichambua katika makala haya. Je, yafaa mtu kumpenda kwa dhati msanii asiyekuwa wa imani yake? Mapenzi ya namna hiyo ni ukarimu wa moyo, au ni mwanzo wa kujisahau?

Yafaa kwanza tofauti hizo tuzitaje waziwazi. Chaplin alizaliwa mwaka 1889 nchini Uingereza, akakulia katika mitaa ya mafukara ya London. Baba yake, mwimbaji wa jukwaani, alikufa mwaka 1901 kwa ajili ya ulevi. Mama yake, aliyekuwa mwimbaji pia, alipatwa na maradhi ya akili mara kwa mara. Mwaka 1896 mtoto huyo alipelekwa katika nyumba ya maskini ya Lambeth, kisha katika shule ya watoto fukara huko Hanwell. Mwaka 1910 alikwenda Marekani pamoja na kundi la wachekeshaji, na mwaka 1914 akaonekana kwa mara ya kwanza katika sinema akiwa na suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa, kofia ndogo na fimbo ya henzirani. Mtu huyo aliyemwumba ni mzururaji. Hana jina, hana ukoo, hana nyumba.

Chaplin hakuwa mtu wa dini. Aliishi Marekani karibu miaka 40 bila kuuomba uraia wake, na alipenda kujiita raia wa ulimwengu. Mzururaji wake huingia katika mji peke yake, na mwisho wa hadithi aghalabu huishika njia peke yake. Na katika filamu ya mwaka 1936 iitwayo Modern Times, yaani Nyakati za Kisasa, mfanyakazi wa kiwandani anakaza skrubu mpaka anapagawa, na watazamaji wanacheka.

Sisi tumelelewa vingine. Tunamwamini Mungu, kila mtu kwa dini yake. Tulifundishwa kwamba taifa ni nyumba yetu, na kwamba mtu ni watu. Katika lugha yetu mtu asiye na jamaa huitwa mkiwa, na neno hilo halichekeshi hata kidogo. Tulifundishwa pia kwamba kazi ni uhai, na kizazi chetu kiliukuta uhuru wenyewe umekwisha fungwa pamoja na kazi katika wito mmoja, Uhuru na Kazi. Basi tunaketije tukamshangilia mtu anayeichezea mimbari, asiyejifunga na taifa lolote, na anayetoroka kiwandani?

Wapo wanaosema kwamba jambo hilo halifai. Husema kwamba kicheko ni mlango usio na bawabu. Hoja ikija kwa maneno makavu, mtu huipima, huikubali au huikataa. Lakini ikija kwa mzaha, huingia kabla mwenye nyumba hajaamka. Hoja hii si ya kipumbavu, na nchi yetu ina sababu ya kuijali. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, zilitengenezwa filamu zipatazo 35 kwa ajili ya kuwaonyesha Waafrika namna ya kulima, kutunza afya na kuishi kama watawala na wamisheni walivyoona inafaa. Wazee walioitilia shaka ile shuka nyeupe hawakuogopa kivuli. Walijua kwamba anayekuonyesha picha anakuonyesha pia macho yake.

Wapo wengine wanaosema kwamba sanaa ni sanaa na imani ni imani, basi mtu acheke na kwenda zake nyumbani. Maneno haya yana sura ya ukarimu, lakini kwa maoni yetu yana dharau ndani yake. Mwaka 1940, katika filamu iitwayo The Great Dictator, yaani Dikteta Mkuu, Chaplin alimfanyia dhihaka Hitler wakati ambapo Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Na mwishoni aliuacha mzaha kabisa, akawahutubia watazamaji uso kwa uso kwa dakika kadhaa juu ya utu wa binadamu. Baadaye alishutumiwa kuwa mkomunisti, na mwaka 1952, alipokuwa safarini kwenda Ulaya, alinyang'anywa ruhusa yake ya kurudi Marekani. Akahamia Uswisi, akaishi huko hadi alipofariki tarehe 25 Desemba 1977. Mtu aliyelipa gharama ya namna hiyo alikusudia kusema neno. Kumpenda na kukataa kulisikia neno lake ni kumfanya kibaraka wa kutuburudisha.

Kama njia ya kuogopa haitufai, na njia ya kupuuza haitufai, iko wapi njia ya tatu? Sisi tunaona kwamba hatuna haja ya kuitafuta ugenini. Mababu zetu walikwisha ijenga, wakaiita utani.

Kila msomaji wa makala haya anaujua utani, lakini yafaa tukumbushane asili yake na sheria zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19. Baadaye wakawa watani, na hata leo wakikutana hutupiana maneno ambayo mgeni akiyasikia hudhani kwamba fimbo zitafuata. Msibani mtani humwigiza marehemu, huwacheka wafiwa, huzuia jambo hili na lile mpaka apewe chochote. Hakuna anayemkasirikia. Lakini tukiuchungulia vizuri utani huo, tutaona kwamba si ruhusa ya kusema ovyo. Una sharti tatu. Kwanza, mtani ni mtu wa nje. Pili, mtani ana wajibu, maana yule yule aliyewacheka wafiwa ndiye anayeshika jembe kaburini na kusaidia kazi za msiba. Tatu, utani ni wa pande mbili, maana anayetania hutaniwa. Kwa sharti hizi tatu tutampima Chaplin, na kwa hizo hizo tutajipima sisi wapenzi wake.

Tuanze na sharti la kwanza. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Muumini aliyezoea kuketi katika safu yake kila juma haoni tena jinsi mikono inavyokipima kisanduku cha sadaka. Anayeona ni yule aliyesimama mlangoni. Ndiyo maana ndugu hawezi kuwa mtani wetu. Yumo ndani mno, na akitucheka tunahisi ametusaliti. Tofauti ya imani, ambayo tuliiona kuwa kizuizi cha kumpenda Chaplin, ndiyo inayompa kazi yake mbele yetu. Kama angalikuwa mmoja wetu, angaliona yale yale tunayoyaona, na angaliyanyamazia yale yale tunayoyanyamazia.

Chaplin mwenyewe aliwahi kukaa mlangoni namna hiyo. Mwezi Septemba 1931 alikutana na Mahatma Gandhi katika nyumba moja ya mtaa wa wafanyakazi, mashariki ya London. Akamwambia kwamba anaunga mkono uhuru wa Uhindi, lakini haelewi kwa nini Gandhi anazichukia mashine. Gandhi akamweleza kwamba mashine ndizo zilizowafanya Wahindi kuwa tegemezi kwa Waingereza, na kwamba kusokota uzi kwa mikono ni njia mojawapo ya kujikomboa. Baadaye Gandhi na wenzake wakakaa chini kusali, na Chaplin, asiyekuwa na sala, akabaki ameketi akiwatazama. Hakusali pamoja nao, wala hakuondoka. Miaka 5 baadaye ilitoka ile filamu ya mfanyakazi na mashine. Hatusemi kwamba Gandhi ndiye aliyemfundisha. Tunasema tu kwamba mtu anaweza kuketi pembeni mwa imani ya mwenzake kwa adabu, na asiondoke mikono mitupu.

Sharti la pili ni wajibu. Mtani asiyeshika jembe ni mtukanaji tu. Basi tuulize, kicheko cha Chaplin humwangukia nani? Katika City Lights, yaani Taa za Mji, filamu ya mwaka 1931, mzururaji anakutana na msichana kipofu anayeuza maua. Anaketi kimya karibu naye ili apate kumtazama. Msichana anasuuza chombo chake cha maua, na kwa kuwa haoni, anamwaga maji yote usoni pa yule mtu. Tunacheka. Lakini tukijiuliza tunamcheka nani, jibu ni moja: tunamcheka mzururaji aliyelowa, wala si msichana kipofu. Anayeangukiwa na kicheko ni yule mtu mwenyewe, au polisi mwenye rungu, au tajiri mlevi anayemkumbatia maskini usiku na kumsahau asubuhi. Mnyonge hakanyagwi ili watu wafurahi. Huo ndio mpaka wa utani, nao ndio mpaka kati ya mzaha na dhihaka mbaya.

Je, huruma hiyo aliipata wapi? Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964, Chaplin anaeleza kwamba alipokuwa mtoto mgonjwa kitandani, katika chumba cha chini ya ardhi, mama yake aliketi karibu na dirisha akamsomea habari za Yesu na kumwigizia kwa vitendo, kwa huruma nyingi mno hata mtoto akalia, akatamani kufa usiku ule ule akaonane naye. Mama akamwambia kwamba Yesu anataka kwanza aishi na kuitimiza kazi yake duniani. Alipokua, mtoto huyo hakuishika dini ya mama yake. Lakini namna ya kusimulia kwa mwili, na ile huruma, aliishika mpaka mwisho. Haishangazi basi kwamba mwaka 1995, wakati sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilipotoa orodha ya filamu 45 za thamani, iliiweka Modern Times miongoni mwake. Waumini wenye elimu ya dini kuliko sisi waliona kwamba mtu asiyesali nao ameshika jembe pamoja nao.

Wala sisi si wageni wa jambo hili. Abunuwasi wa hadithi zetu alitoka Baghdad. Mshairi aliyempa jina aliishi zama za Khalifa Harun al-Rashid, na alijulikana kwa mashairi ya kusifu mvinyo. Lakini wazee wa pwani, watu wa msikiti na madarasa, walilipokea jina hilo, wakalipa hila na ucheshi, wakawasimulia watoto wao jinsi Abunuwasi anavyowaumbua wakubwa wenye tamaa. Hali kadhalika Raj Kapoor wa Uhindi alimchukua mzururaji wa Chaplin akamvisha sura ya Kihindi katika Awara ya mwaka 1951, na majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam yakajaa watu waliompenda. Hivyo kicheko cha Mwingereza asiye na dini kilipita kwa Mhindi, kikawafikia Waislamu wa Unguja, na hakuna aliyeiacha sala yake njiani.

Limebaki sharti la tatu, ambalo wapenzi wa sanaa hulisahau mara nyingi. Utani ni wa pande mbili. Kama Chaplin anatutania, nasi tuna haki ya kumjibu, na mpenzi asiyejibu amekuwa mtumwa.

Kwa habari ya kazi, tunamjibu kwa maisha yake mwenyewe. Mtu huyu aliyewachekesha watu kwa mfanyakazi anayetoroka alikuwa mchapakazi asiyechoka. Ile sehemu fupi ambamo msichana kipofu anamdhania mzururaji kuwa tajiri aliirudia zaidi ya mara 300 mpaka ikamridhisha. Basi hakuicheka kazi. Aliicheka kazi inayomgeuza mtu kuwa skrubu kwa faida ya mwingine, na hapo anakutana nasi, maana Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa mtu kumnyonya mtu. Kwa habari ya upweke wa mzururaji, tunampinga. Hatukubali kwamba mwisho wa binadamu ni barabara tupu. Na tunafurahi kuona kwamba mwishoni mwa Modern Times, mzururaji huyo haendi peke yake. Anaishika njia pamoja na msichana mwenziwe.

Liko jambo moja ambalo mzaha hautoshi kulijibu. Mwaka 1918, na tena mwaka 1924, Chaplin alioa wasichana wenye umri wa miaka 16, naye alikuwa mtu mzima mwenye mali na mamlaka juu yao. Sisi tunaofundisha wasichana wa umri huo hatuwezi kulipita jambo hilo kana kwamba hatukuliona. Wanafunzi wetu huliuliza, nasi huwajibu kwamba ni kosa, na kwamba uzuri wa City Lights haulifuti. Kumpenda msanii si kumtetea katika kila jambo. Wazee walijua jinsi ya kuishi vizuri na mtani wao bila ya kumpa funguo za nyumba.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, alisema kwa ukali kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu, na papo hapo akaonya kwamba kujifunza huko hakuna maana ya kuutupa utamaduni wetu. Mara nyingi tunainukuu nusu moja ya maneno hayo, ile inayotupendeza. Utani unatufundisha kuzishika nusu zote mbili kwa pamoja. Wahenga nao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.

Mwishoni mwa ile filamu ya Mhujaji, askari mwenye huruma anampeleka mfungwa mpaka kwenye mpaka wa Mexico na kumwacha huru. Upande mmoja sheria inamngoja, upande mwingine majambazi wanapigana kwa risasi. Basi anakwenda zake akiyumba, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Wako watakaosema kwamba hiyo ndiyo picha ya mtu anayempenda msanii wa imani nyingine. Sisi tunaikataa. Yule mtu hakuwa na nyumba upande wowote. Mwalimu wetu wa dini alikuwa nayo. Usiku ule, baada ya shuka kukunjwa na taa za ukumbi kuzimwa, tuliiona taa ya chumba chake ikiwaka saa ile ile aliyozoea kusali.

Kwa hiyo tungependa kuwashauri walimu wenzetu wasiogope kuwaonyesha vijana kazi za wachekeshaji wasioamini kama sisi, wala wasiwaache vijana wacheke tu na kutawanyika. Kicheko kikiisha, na waulize maswali matatu: Aliyechekwa ni nani? Aliyetucheka ametusaidia kubeba mzigo gani? Na sisi tunamjibu nini? Kijana awezaye kuyajibu maswali hayo anaweza kumpenda mtani yeyote kutoka upande wowote wa dunia, na jioni akarudi kwao akiwa ni yule yule, ila nguo zake amekwisha ziangalia.